Bina Lweendo Aliyetoa Shamba la Karanga Lijengwe Zahanati

Waombolezaji wenzetu mliolala nasi kando ya moto huu wa msiba tangu Jumapili, familia inawasomea maisha ya mama yetu Jelita Muleya, mama yake Lweendo, ambaye wote mlimwita Bina Lweendo.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 hapa Siamabwe, kusini mwa Zambia, akasoma hadi darasa la saba katika shule ya misheni, akaolewa na Bwana Jonasi Muleya tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watano, wawili kati yao wakafa kwa homa wakiwa mgongoni mwake, njiani kwenda hospitali.

Ndiyo maana serikali ilipotafuta kiwanja cha zahanati mwaka 2006 alitoa shamba lake la karanga, na mtani wetu Mzee Hachipuka akamcheka mbele ya watu, "Bina Lweendo, sasa utatulisha vidonge?" naye akamjibu, "Nitaanza na wewe, maana mdomo wako ndio mgonjwa."

Zahanati ilifunguliwa tarehe 3 Machi 2008, na kwa kuwa kina mama walikusanyika pale, mwenye mashine ya kusaga akaja, likafuata duka, na mwaka 2015 kampuni ya maziwa ikaleta tangi la kupozea, ikisema wazi kwamba imekuja kwa sababu wafanyakazi wake watatibiwa karibu. Wagonjwa wa mbali mama aliwapelekea chibwantu, togwa yetu ya mahindi, hata wasioomba.

Februari mwaka huu fedha za zahanati zilikatwa, muuguzi akahamishwa, mlango ukafungwa. Mwenye mashine amekwisha kung'oa injini yake, na watu wa maziwa wanasema watangoja hadi mwisho wa mwezi tu, kisha waondoe tangi lao.

Tarehe 2 Juni 2024 mama alibanwa na kifua, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akafariki njiani akiwa ameshika mkono wa mkwewe Chipego, mke wa mwanawe wa mwisho, mwenye mimba ya miezi minane, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na tangu siku hiyo kila akisikia mkokoteni hushika tumbo.

Familia inamshukuru muuguzi wetu wa zamani aliyekuja kwa baiskeli kuzika, majirani mliochota maji, na wafanyakazi wa maziwa mliomrudisha mama nyumbani kwa gari lenu.

Kwa desturi, kesho mtani angezima moto wa msiba, lakini Mzee Hachipuka amekataa, akisema, "Sizimi ng'o! Tuuhamishie mlangoni pa zahanati, tukae pale mpaka muuguzi aletwe, na nyie wa maziwa mtuone, hatujafa wote." Familia imekubali.

Mama, pumzika kwa amani. Tunaogopa sana, lakini asubuhi tutabeba makaa.