Shafti Niliyoipima Ingali Moto

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Meneja Nurdin, mafundi, wageni waalikwa na wazazi wangu mlioketi hapa: shikamooni. Nimepewa nafasi ya kumuaga Fundi Nathanaeli, Baba Anjelina, kwa niaba ya vijana wa karakana. Kabla ya sifa, nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu: aliyemwondoa Baba Anjelina kazini ni mimi.

Mnakumbuka mwezi wa nne, karakana ilipokwisha kuuzwa kwa watu binafsi, wauzaji walikuja kutoka Dar es Salaam kutushawishi tununue mashine moja inayokereza na kuchonga bila chuma kuhamishwa. Walileta shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha pampu, iliyotengenezwa na mashine hiyo, imeviringishwa kitambaa laini. Baba Anjelina akaambiwa atengeneze ya kwake, ya kipimo kilekile, kwa mashine zetu mbili kuukuu. Mimi, niliyetoka kumaliza kidato cha nne na kuajiriwa kuandika vipimo, ndiye niliyeshika maikromita, kile kipimo cha unene wa chuma.

Kwa gharama sitadanganya. Bei ya mashine mpya ingenunua nane kama za kwetu, lakini inamaliza shafti kwa dakika arobaini, naye alitumia saa tatu. Hapo tulishindwa. Lakini usahihi je?

Hapa Newala nani ana maji ya kumwagia chuma kipoe? Baba Anjelina hukereza bila maji, kisha huiweka shafti kivulini, akanywa chai, ndipo akapima. Maana chuma chenye moto huvimba. Siku ile nilipoinyanyua kwa kitambaa aliniambia, "Mwanangu, iache ipoe."

Muuzaji mmoja akacheka. "Mzee, shafti nayo inataka chai? Pima, binti, tunawahi Masasi."

Ningepungukiwa nini kusema, "Subirini kidogo"? Niliona haya. Nikapima, nikaandika: imezidi sehemu mbili za mia za milimita. Ripoti ikasema mkono wa mzee umechoka, na kwa mstari huo akastaafishwa. Yeye akafuta mikono yake.

Kesho yake asubuhi niliipima tena, imepoa. Ilikuwa sawasawa na ya wauzaji. Nikairudisha kwenye rafu, nikanyamaza miezi mitatu.

Mkono uliotoa kipimo kile kwa mashine inayotikisika, bila tone la maji, ndio tunaosema umechoka? Baba Anjelina, nisamehe. Ndugu Meneja, mashine imeshanunuliwa na siombi irudishwe. Naomba mstari ule wa ripoti ufutwe, na chini yake liandikwe jina langu.

Juzi nilikwenda kwao Chilangala ili niungame. Nikamkuta Mama Anjelina peke yake, anachambua kunde. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, anacheka, "Mwenzangu kaomba mwenyewe kupumzika! Miaka yote namwambia, sasa ndiyo kanisikia." Kumbe mumewe hakumwambia kwamba aliondolewa. Nikamsaidia kunde, nikarudi.

Kwa hiyo nawaomba, wakubwa kwa wadogo: haya niliyoyasema yaishie humu ukumbini. Mama Anjelina leo hayupo nasi; yasimfikie kwa mdomo wangu wala wenu. Mwenye kumwambia ni mumewe, siku atakayotaka yeye.

Nawashukuru kwa kuivumilia sauti yangu ndogo.