Ndama wa Nyasi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Namuar zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na mtu anayetangaza kura za nchi nzima. Nabei, keti hapa kwenye ngozi, usisimame mlangoni kama mgeni. Najua mimi ni mkali na fimbo yangu haichelewi, lakini leo sikuwaita niwagombeze. Nimewaita kwa sababu asubuhi nilikusikia, Nabei, ukimwambia Abigael kwamba babu anapelekwa Lodwar kutibiwa na atarudi na peremende. Daktari wa Lodwar alikwisha kuniambia ukweli wangu, na namshukuru kwa kuwa alinitazama usoni akiusema. Mbona basi mtoto aambiwe uongo?

Mimi Ethuro nimeuza mbuzi miaka arobaini, toka Lokiriama hadi hapa Kakuma. Darasani sikukaa hata siku moja, herufi nilijifunza kwenye magunia ya unga, lakini hakuna atakayesimama kaburini kwangu aseme nilimuuzia mbuzi mgonjwa nikamficha kikohozi. Uongo wangu mkubwa niliusema nyumbani, kwa mtoto wa miaka mitano. Dada yenu Akiru alipotufia mwaka jana, nilimwambia binti yake, huyu Abigael, kwamba mama ameenda Todonyang kununua samaki, nikampa na shuka la mama yake alalie, nikajiona nina huruma. Nanyi mkanyamaza kwa kuogopa hasira zangu.

Yaliyofuata mliyaona. Kila lori la samaki lililoingia Kakuma, Abigael alilikimbilia, akasimama vumbini akiwatazama wanawake wanaoshuka mmoja mmoja, kisha akarudi akitabasamu, akasema labda la kesho. Hakulia. Nami nikawaringia wazee wenzangu kuwa hiyo ndiyo damu yangu, hailii ovyo, kumbe mtoto anakonda mbele ya macho yangu na uji wake unalala bakulini. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nani aliyetuokoa? Ndugu zetu wa mbali walituma pole, Akuj awabariki, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyekuja ni Nyariek, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza chai kwenye kambi ya wakimbizi, ambaye kiangazi kizima nilimtukana kwamba watu wake wametumalizia kuni, na kila kulipokucha alirudi, akanisalimu ejok, akaninyooshea kibuyu chake cha maziwa kana kwamba jana nilimwombea dua.

Siku hiyo alinikuta namkamua yule ngamia aliyefiwa na ndama, na Abigael amenishikia ngozi ya ndama tuliyoijaza nyasi na kuishona, ili mama ailambe aachie maziwa. Kazi hiyo mnaijua, nilifundishwa na baba yangu. Nyariek akaketi chini, akamsimulia mtoto kwamba palikuwa na ngamia aliyepewa ndama wa nyasi, akamlamba, akatoa maziwa, lakini malishoni hakula, kila mara aligeuka nyuma kutazama kama ndama anamfuata, hata nundu yake ikalala. Msichana mmoja akamwonea uchungu, akafumua ile ngozi, akamwaga nyasi zote mbele yake. Ngamia akanusa ngozi tupu, akalia siku tatu mpaka watu wa boma wakaziba masikio, na siku ya nne akaenda mwenyewe kwenye mgunga, akala.

Abigael akauliza, "Kwani alikuwa anajua?"

"Pua yake ilijua," Nyariek akamjibu. "Alikuwa anangoja mtu amwambie."

Mtoto akaitazama ngozi mikononi mwake, kisha akanitazama mimi. "Na shuka la mama, babu?"

Nilimwinulia Nyariek fimbo, wanangu. Nikamwambia asinilizie mtoto. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Akasema, "Simlizi, mzee. Machozi ni yake. Wewe ndiye umeyafunga kamba."

Fimbo ilianguka yenyewe. Nikachuchumaa nikamwambia mtoto kwamba mama alikufa, hakwenda Todonyang, hatashuka kwenye lori lolote. Alilia mpaka jua likashuka, Nyariek amempakata, hamwambii nyamaza, na mimi niliyekuwa sijamlilia Akiru hata tone nikalia naye, ngamia wangu wakinitazama. Asubuhi alipoamka aliomba uji, akaongeza. Tangu hapo akiwa na huzuni huja akaniambia ngamia analia ndani, nami humpisha kwenye ngozi, tunakaa. Hiyo ndiyo neema ya uzee wangu.

Nilimwomba Nyariek radhi mbele ya watu. Akacheka, akasema matusi yangu hakuyaelewa yote, Kiswahili changu kibaya.

Basi shikeni. Yule ngamia ni wa Abigael, na uzao wake. Namuar, mbuzi na kigoda changu ni vyako, pamoja na ukali, lakini huo utumie nusu. Nabei, boma hili ni lako, na Nyariek ajaziwe kibuyu kila asubuhi bila kupimiwa, wala asiitwe mkimbizi hapa. Ile ngozi ya ndama ifumueni, nyasi wapeni mbuzi. Na nikifa, mtoto aambiwe siku hiyohiyo. Msimwambie nimelala. Msimfute machozi kwa haraka, wala msimnyamazishe kwa peremende. Akimaliza, msimulieni habari zangu.

Nawashukuru, wanangu, mlinivumilia... Inamisheni vichwa, niwatemee mate ya baraka, japo kinywa kimekauka... Akuj awape mvua, awape malisho, awape majirani wanaosema kweli... Maji kidogo, Namuar... Inatosha.

Nabei, mfungulie mtoto mlango, namsikia hapo nje. La, msimwambie ninyi. Uongo wa kwanza ulikuwa wangu, na kweli niiseme mimi...

Njoo, Abigael. Kaa hapa kwenye ngozi... Nipe mkono.

Babu haendi Lodwar.