Thirza Pocock, Aliyenyamazisha Injini Ili Atusalimie

Marehemu Thirza Pocock, wa ukoo wetu wa Lovelock kabla ya kuolewa, alizaliwa hapa Coldrington tarehe 14 Machi 1907, mtoto wa pekee wa Selina na mwanangu Amos, aliyefia vitani Ufaransa.

Alisoma shule ya kijiji hadi umri wa miaka kumi na tatu. Elimu iliyobaki aliipata katika karakana yangu ya matandiko ya farasi, kwa sindano mbili, uzi uliopakwa nta, na vitabu tulivyosomeana jioni. Wakati huo kila boma lilikuwa na farasi wake. Leo wamebaki wa kuhesabika, na malisho yao yamekuwa uwanja wa klabu ya ndege.

Kazi ya ngozi ilipokufa, Thirza alikwenda klabuni kushona kitambaa cha kitani kinachofunika mabawa ya ndege, kwa mshono uleule wa kola za farasi. Sehemu ya ujira wake aliomba alipwe kwa kufundishwa kurusha ndege. Bwana mmoja alimcheka, "Mama sindano naye anataka kupaa?"

"Bwana, nyuzi zinazokushikilia huko juu ni zangu. Nisipoziamini mimi, utaziamini wewe?"

Alipata leseni Mei 1929.

Alikuwa amefunga ndoa na Reuben Pocock, mkulima, tarehe 6 Oktoba 1928. Jumamosi za hali njema ya hewa alikuwa akija juu ya konde la mumewe na ndege ndogo ya klabu, ya mabawa mawili kila upande, ananyamazisha injini, anateleza chini kimya mpaka sauti yake itufikie.

"Reuben, unakata nyasi au unazichana?"

"Shuka uzichane wewe!"

Sote tuliokuwa tukikusanya nyasi tulikuwa tukitupa reki na kukimbilia katikati ya konde, ambako alituona vizuri. Kisha injini ilinguruma tena, akaenda zake. Hata mimi, nisiyependa mashine, nilikimbia.

Hakuugua. Jumamosi iliyopita, tarehe 21 Juni 1930, injini ilinyamaza yenyewe. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kutua, konde lilelile la Reuben, lililokwisha kufyekwa. Tuliposikia kimya kile tulitupa reki tukakimbilia katikati kama kawaida, watoto mbele, tukipunga kofia.

"Tokeni hapo! Tokeni!" alipaza sauti kutoka juu.

Tulicheka, tukangoja utani uliobaki. Akaigeuza ndege kwenye miti ya kanisa.

Reuben ndiye aliyemfikia kwanza. Bawa moja lilikuwa limening'inia mtini, na mshono wake haukufumuka popote.

Ameacha mumewe Reuben, mama yake Selina, mimi babu yake Enoch, na kila mtu aliyekuwa kondeni siku ile, ambaye anaishi kwa sababu yake.

Majirani, injini ikinyamaza tena juu ya Coldrington, asikimbilie mtu katikati ya konde. Simameni ukingoni.

Mungu akupe pumziko, mjukuu wangu. Konde liko wazi.