Joto Niliyoandika Bila Kupima

Bamama na bapapa wa kanisa, mulinipatia hii nafasi juu mulifikiri nitasema namna Mungu alinilinda kule Beni wakati masasi ya vita ilikuwa inalia. Alinilinda, ni kweli. Mais leo nilisimama juu ya maneno ingine, na munivumilie.

Miye ni muganga wa batoto, ule wa kuchunga bagonjwa, si docteur. Nilisomea hapa kwetu Butembo, kisha nikapata kazi Beni, kwa hospitali moja sitaitaja. Mwanzo nilipenda ile kazi sana. Nilijua kila mutoto na jina lake, na mama yake, na kijiji yao. Nikiona mutoto anapumua vibaya, naandika kwenye fiche yake, ile karatasi ya mugonjwa. Lakini hakuna mutu alikuwa anasoma. Nikiomba kitu kwa bureau ya bakubwa, hakuna jibu, hata ya kukatala. Bandugu yangu, nabaambia, kidogo kidogo moyo ilitoka kwa ile kazi. Nilikuwa nafika, navaa blouse nyeupe, nangojea saa ya kurudi.

Siku moja termometre, ile ya kupima joto ya mwili, ikaharibika. Nikaomba ingine. Juma ikapita. Kwa fiche kulikuwa nafasi ya joto, na nafasi haipaswi kubaki wazi, donc nikaandika thelathini na saba na kitu kidogo, kama ya mutu muzima. Chef wetu akasaini. Kesho yake tena vile.

Kisha termometre mupya ilifika. Hapo njo haya yangu iko. Ilifika, nikaiweka ndani ya mufuko, na nikaendelea kuandika bila kupima.

Kulikuwa mama mumoja alitoka Kalunguta, mulimaji, na binti yake wa myaka mbili, mugonjwa wa malaria. Ule mama alijua kusoma. Saa sita ya muchana akakamata fiche kwa kitanda, akaniita polepole.

«Muganga, hapa banaandika balimupima asubui. Asubui yote nilikuwa hapa. Hakuna mutu alimugusa.»

Nilimujibu mbele ya bamama bengine kama aache kila mutu afanye kazi yake. Nikamunyanganya ile fiche.

Saa moja haikupita, mutoto akaanza kukauka mwili, macho ikageuka. Tulikimbia naye. Tulipomupima kweli, joto ilipita makumi ine. Docteur alimupatia dawa, tukamupangusa na maji, na Mungu akaturudishia ule mutoto. Kisha docteur akaangalia fiche yangu, akaambia mama kama joto ilipanda gafula. Mama akaniangalia. Akanyamaza.

Nilifikiri alinihurumia. Nilienda nyumbani na ile wazo, lakini chakula ilinishinda.

Asubui nikaingia kwa bureau ya chef wetu wa baganga, nikamuambia yote. Akavuta fiche zangu za mwezi muzima, akaweka kidole kwa signature yake, moja, ingine, ingine.

«Weye ulidanganya hapa juu,» akasema. «Na miye hapa chini, nilisaini bila kusoma.»

Alinitoa kwa salle ya bagonjwa, akaniweka kuosha vyombo. Ilifaa. Mais kwanza akanituma kwa ule mama.

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaomba musamaha, nikamushukuru juu alinyamaza. Akaendelea kufunga mutoto kwa mugongo.

«Nilinyamaza juu niliogopa,» akasema. «Nilifikiri nikisema, mutamuacha mutoto wangu akufe.»

Mama aliogopa muganga kuliko ugonjwa, na ule muganga ni miye munaona hapa.

Azabu yangu ilipoisha na nikarudi kwa salle, chef alikuwa amebadilisha kazi. Kila asubui anapita na sisi kitanda kwa kitanda, anauliza kila mumoja wetu: uliona nini? Tukiomba kitu na haiko, anatuambia haiko, na juu ya nini. Kitu ndogo tu. Lakini dada mumoja mwenye alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi aliipasua, na miye nikaanza tena kujua majina ya batoto.

Namushukuru ule chef, juu alibeba upande yake ya kosa. Na baganga benzangu, balijua yote na bado balikula na miye. Na ule mama wa Kalunguta, wasingya, asante sana. Hakuniambia kama alinisamehe, na sikumuuliza mara ya pili.

Muko hapa bakubwa wa kazi: musome ile batu yenu banaandika, mubajibu. Na muganga mwenye moyo yake ilichoka, sema kama ulichoka, sema mapema, kwa sauti. Miye nilinyamaza, nikaacha mutoto wa wenyewe alipe juu ya uchovu yangu. Hata leo, mama akiniambia asante kwa salle, naangalia chini.