Mgongo wa Mayala

Mpaka anazeeka, Salimu fundi cherehani hakupata jibu la jambo moja. Mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wanaume kumi na wanane walilibeba paa la nyumba ya Mayala, zima zima na nyasi zake, kutoka Sapiwi hadi kijiji kipya. Kwa nini aliyeharibika mgongo alikuwa mtu wa kumi na tisa, yule aliyetangulia mbele, mikono mitupu, akiimba ili wenzake wapige hatua pamoja? Swali hilo lilikaa miezi minane kwenye benchi la mbele ya duka la Salimu, mjini Bariadi. Alilikuza zaidi Jumbe muuza kahawa, aliyeitwa Redio kwa kuwa alitangaza hata asiyoyasikia. Aliyempinga ni Ngeleja, mpima pamba wa chama cha ushirika, mtu mnene aliyeitwa Kilo. Na mwenye mgongo wake, Mayala, aliletwa kila siku ya gulio kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa haketi tena, anaegemea ukuta tu kama ngazi.

Siku moja ya gulio, msimu wa pamba umeshapamba moto, Redio alimpa kikombe cha kwanza.

— Kunywa, mzee wa wimbo. Mguu vipi?

— Wa kulia unanibeba, alisema Mayala. Wa kushoto nauona, lakini siusikii.

— Huo ni unyevu, alisema Redio. Usiku ule wa kuhama mlilala chini, udongo mbichi. Unyevu ukapanda.

— Walilala chini wote, alisema Kilo. Mbona mke wake ni mzima? Mbona mbuzi ni wazima?

— Mbuzi ana manyoya.

— Na mkewe?

Redio alimimina kahawa taratibu, kama mtu anayetafuta maneno ndani ya dele.

— Haya, basi ni lile bomba la dawa ya pamba. Amelibeba mgongoni misimu mingapi? Ile dawa inaua mdudu ndani ya tumba, itashindwa kupenya ngozi?

— Mimi nimelibeba kuliko yeye.

— Wewe una mafuta, Kilo. Dawa ilifika kwenye mafuta ikapotea njia.

Mayala alicheka, kisha akakatiza kicheko na kung'ang'ania ukingo wa dirisha. Salimu aliacha kukanyaga cherehani. Alikuwa amekijua kicheko cha Mayala tangu ujana wao, kicheko kirefu cha mtu wa ngoma, na sasa kilikuwa kinaishia kooni.

— Nitawaambia ukweli, alisema Kilo. Makaburi ya baba zake yamebaki Sapiwi. Alihama akiimba. Nani anahama kwa wazee akiimba? Wamemkalia mgongoni, wanataka kubebwa nao.

— Wazee wangapi? aliuliza Redio.

— Saba.

— Babehi! Na wewe gulio lililopita ukaongeza kilo zako mia juu yao!

Kweli Kilo alikuwa amemkanyaga. Alizaliwa kwa kutanguliza miguu, na kwao mtu wa namna hiyo ndiye mganga wa migongo. Hakuna aliyemfundisha, na hakuwahi kukataa. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, mgongo hufunikwa blanketi, na mkanyagaji hutazama maawio ya jua. Hatazami chini. Akitazama chini, maumivu humpandia yeye. Hakuwahi kudai kitu kwa kazi hiyo, na Salimu aliwafahamu watu wawili watatu walioinuka wakatembea.

— Mguu ulianza kufa baada ya kukanyagwa, Redio alisema, safari hii bila utani.

— Kwa sababu nimemkanyaga mara moja tu. Inatakiwa mara tatu. Ukiacha katikati ndipo unaharibu. Mayala, unasemaje?

Mayala aliwatazama mmoja mmoja.

— Nimechomwa majivu ya moto. Nimeumikwa pembe. Nimekunywa mizizi hadi nasikia ladha ya udongo usingizini. Mvua zikirudi, nani atashika jembe la ng'ombe nyumbani kwangu? Kanyaga, ndugu yangu. Hata ukinivunja, nitakuwa nimejua mwisho wake.

Redio alileta blanketi. Salimu akasaidia kumlaza kwenye benchi na kumfunika mgongo, akihisi jinsi mwenzake alivyokuwa mwepesi. Kilo alivua kandambili, akageukia mashariki.

— Mwangaluka, sauti ya kike ilisalimia.

Alikuwa Domitila, mganga msaidizi aliyeletwa zahanati wiki mbili zilizopita. Alikuja kuchukua gauni lake la kazi, ambalo Salimu alikuwa analipunguza upindo.

— Mwangaluka, dada, alijibu Kilo, mguu mmoja hewani. Subiri kidogo, tunatibu mgongo.

— Mgongo una nini?

Walimweleza kwa mpigo: unyevu, bomba, wazee saba, paa. Domitila alisikiliza mpaka mwisho.

— Sawa. Na nani kati yenu ameutazama?

Kilo alishusha mguu. Redio aliangalia kikombe. Mayala, uso kwenye mbao, hata yeye hakuwa na njia ya kuuona.

Salimu ndiye aliyepauka. Desemba alimshonea Mayala shati, likawa linapanda nyuma. Akafumua. Akapima upya, tepu ikamwambia kwamba nyuma ya mtu huyu imekuwa ndefu kuliko mbele. Akafumua tena, akailaumu tepu, akalilaumu na jora. Mara tatu vidole vyake vilipita pale.

— Mimi niliupima, alisema. Sikuutazama.

Domitila alitoa blanketi, akapandisha shati. Katikati ya uti wa mgongo pingili moja ilikuwa imejitokeza, kali kama ncha ya kiwiko. Aligonga pingili ya jirani kwa kidole, Mayala akaguta.

— Unatoka jasho usiku? Umekonda tangu lini? Mkojo unaweza kuubana?

— Jasho, ndiyo. Kukonda, tangu kabla ya kuhama. Mkojo bado ni wangu.

— Nadhani ni kifua kikuu.

— Hakohoi! alisema Redio.

— Kinaingia kwa hewa ya nyumbani au kwa maziwa mabichi, kikakaa hata kwenye mfupa. Kinaula taratibu, mfupa unalegea, halafu unaibana mishipa ya miguu. Nadhani tu, picha watampiga Mwanza. Dawa ipo, ni ya miezi mingi. Lakini asikanyagwe. Asikae kwenye mkokoteni. Alale.

— Na mguu? aliuliza Mayala. Utarudi?

— Ungekuja mapema ningekuambia ndiyo, kaka. Sasa sijui.

— Lakini kwa nini mimi? Maziwa tumekunywa kibuyu kimoja, hawa na mimi. Nyumba ni zile zile.

— Hilo pia sijui.

Kilo alikuwa amekaa chini mchangani, kandambili mkononi. Alianza kusema kitu kuhusu watu aliowaponya, akaacha.

Nyanjige, mke wa Mayala, alikuwa amesimama kando ya mkokoteni muda wote. Alisogea, akamshushia mumewe shati.

— Lori la pamba linakwenda Mwanza Alhamisi, alisema. Atalala juu ya mlango, tutaufunga kamba. Fundi, wako ndio mpana.

— Chukua, alisema Salimu.

— Barabara ni mbovu. Anahitaji mtu wa kumshika asitikisike. Mimi nina watoto na pamba haijaisha shambani. Akamgeukia Kilo. Shemeji, utamshika wewe.

— Mizani nitamwachia nani? Huu ni msimu.

Nyanjige alimwonyesha kwa mikono: mabegani, na kiunoni.

Ikaamuliwa hivyo. Salimu aliung'oa mlango wa duka Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi mpima pamba Ngeleja alimkabidhi karani funguo za mizani, akapanda nyuma ya lori, akapiga magoti kwenye marobota, na akamshika Mayala mabega na kiuno, akimtazama, mpaka Mwanza.