Kikwembe mu Njia ya Mulima

Ilikuwa ule mwaka mahindi ilikosekana, ata hapa Kasungami kwenye tunalima bantu balikula bukari tu, ugali ya mihogo. Ule mwaka njo nilipanda ndege ku Luano, kwenda kuona mujukulu wangu mu Kirgizistani. Anasoma kule kazi ya munganga wa hospitali. Mama yake alikufa akimuzaa. Nilimukomalisha mimi, na siko na mwengine.

Bandugu zangu banamuke, nawaambia, kilima yetu hapa iko bichuguu. Kule mulima inapita mawingu, inavaa barafu ata mu jua kali.

Mujukulu akasema: "Nkambo, hautarudi bila kuona ziwa ya kule juu. Maji iko kijani sawa majani ya sombe."

Mi niko na kiburi, munanijua. Nikasema twende.

Balinivalisha pantalo ya banaume, nikafunga kikwembe, kitambala yangu ya kiuno, juu yake. Farasi ikanibeba mpaka ku hema ya manyoya ya kondoo, ya mama mumoja muzee. Alimimina chai, akasema, "Bismillahi." Munacheka, lakini mi nililia. Mu inchi muzima, njo neno moja tu nilisikia maana yake.

Kesho yake tulipanda na miguu, kijana mumoja wa kule anatuongoza mbele. Njia iko mabwe ya kuvunjika, inateleza chini ya bilatu. Upande moja ukuta, upande ingine hakuna kintu. Sikuangalia chini, niliangalia tu mugongo ya mujukulu.

Na ule mugongo ukapotea.

Mabwe ilimubeba. Alikuwa anatafuta pa kushika, hakuna, mpaka jiwe moja kubwa ikamusimamisha. Nyuma ya ile jiwe, shimo. Nilitelemuka na matako mpaka kwake.

Kijana akamuvuta, akasimama. Goti inatoka damu. Akapangusa, akacheka.

"Haina kintu, Nkambo. Inabakia kidogo."

"Tunarudi."

"Si wewe unasemaka hauogope kintu?"

"Naogopa. Tunarudi."

Akanipita, akaanza kupanda.

Nikamukimbilia, nikafungua kikwembe, nikaitandika mu njia mbele ya miguu yake. Banamuke, munajua: mutoto harukake kikwembe ya ule alimukomalisha. Akiruka, amejilaani mwenyewe.

Nikasema: "Sitaipa mulima mutoto wangu. Ata unichukie, sitaipa."

Ule kijana aliuliza ile kitambala iko nini. Mujukulu akamwelezea na luga ya kule. Akatosha kofia, akakaa chini, naye hakuiruka. Upepo inapiga. Mutoto alisimama pale na hasira, machozi inashuka. Halafu akainama, akaokota kikwembe, akanifunga nayo mu kiuno.

Tulirudi. Ile mama wa hema akamufunga goti. Mungu amubariki, na ule kijana. Na ninyi, banamuke, mulikuya kulala kwangu hapa Kasungami nilipokuwa naamuka nikishika kitanda sawa nateleza. Sasa nalala.

Nawaambia: woga haina haya. Muiseme mbele ya damu kutoka.

Jana mujukulu amenipigia simu. Anataka kurudi kule na barafiki, mpaka ku ziwa, anaomba nimubariki. Nilimujibu: "Sitaipa mulima mutoto wangu. Ata unichukie, sitaipa."