Jicho la Mama Pélagie

Saa mbili asubuhi pirogi, mtumbwi wa abiria, ilitoka Lubunga kuvuka mto. Mama Pélagie alikuwa amepakata picha ya marehemu mwanawe, Jeancy, iliyochorwa kwa rangi. Mbele yake aliketi Rachidi, mchoraji wa vibao vya maduka, na wachoraji hawasifiani ovyo.

“Mama, huyu peintre iko fort!” Rachidi alimsifu mchoraji mwenzake. “Angalia kivuli chini ya jicho.”

“Iko jicho yangu, papa. Mutoto alizama na simu yenye picha zake zote. Peintre alichora akiniangalia mimi. Ninamurudishia abadilishe.”

“Aah, ataharibu! Mutoto na mama si wanafanana?”

“Mwili hatukupata. Hii ndiyo itawekwa kwenye matanga. Batu watalilia nani, mimi?”

Rachidi alisema tena kwamba kivuli kile hakiguswi. Pirogi ilifika ukingoni. Mama Pélagie alishuka, sura ya picha ikielekea kifuani mwake, akashika njia ya kwenda kwa yule peintre.